Mtihani wa OPI wa Kiswahili: ninaupendekeza, ila pitia kwanza kwa msajili wa chuo

Kama unasoma chuo Marekani na umeambiwa huhitimu bila lugha ya kigeni, ninakupendekezea mtihani wa OPI wa Kiswahili kwa moyo mmoja. Ni mahojiano ya mdomo kwa simu, kati ya dakika 15 na 30, yanayopimwa kwa vigezo vya ACTFL, chama cha walimu wa lugha cha huku. Niliufanya nikisomea shahada ya sayansi ya jamii hapa Texas. Idara yetu inadai mihula minne ya lugha, jumla krediti 14, yaani vipimo vya masomo ya chuo, kati ya zile 120 za shahada nzima.

Mshauri wa masomo alitaka nianze Kihispania cha mwanzo. Nilimpelekea cheti changu cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, Kiswahili A-, karatasi zote tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Akasema hayo ni masomo ya sekondari, hayana krediti ya chuo. Chuo chetu humsamehe aliyesomeshwa sekondari kwa lugha isiyo Kiingereza, na sisi Kenya tulisomeshwa hesabu, historia na biolojia kwa Kiingereza. Mtihani wa CLEP, ambao wanafunzi wenzangu waliokulia Kihispania huutumia kuruka mihula kadhaa, una Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. AP, mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari, nayo haina Kiswahili. Ikabaki OPI.

Mahojiano yenyewe yalinifurahisha sana. Yalianza na salamu, nyumbani ni wapi, unafanya kazi gani. Nikasema ninahudumia wazee usiku. Basi msaili akalishika hilo hilo na kupanda nalo: nisimulie usiku mmoja mgumu kazini tangu mwanzo hadi mwisho, nieleze wazee wanavyotunzwa kwetu Likoni na wanavyotunzwa hapa, kisha, je, serikali imlipe mtoto anayemtunza mzazi wake? Nilipojibu ndiyo, akanipinga kwa adabu na kutaka sababu. Kukawa na igizo dogo pia, nimpigie mwenye duka kuhusu friji niliyouziwa mbovu, naye hataki kuipokea.

Hapo kwenye mambo ya serikali, kama kodi, bima na sera, ndipo Kiswahili cha nyumbani kinapopimwa kweli. Wengi wetu tulioishi huku miaka mingi tunazungumza Kiswahili cha jikoni, cha watoto na cha harusi, na tukifika kwenye mambo ya serikali tunarukia Kiingereza bila kujijua. Kabla ya mtihani nilikuwa nikisikiliza taarifa za habari za redio za nyumbani na kubishana na mume wangu habari za ushuru, Kiswahili kitupu. Hilo lilinisaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi, kwa maana hakuna anayekuuliza ngeli. Unapimwa unachoweza kukifanya kwa lugha: kuomba, kusimulia, kutetea hoja, kufikiria jambo ambalo halijatokea. Vigezo vina ngazi tano, nami nikapata ya nne. Ninaona ni haki.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi na kila mwanafunzi alielewe kabla ya kulipa hata dola moja. Kusamehewa sharti la lugha si kupewa krediti. Mimi nilisamehewa mihula yote minne na nikaandikiwa krediti 8 kwenye transkripti, za mihula miwili ya mwanzo, bila alama ya kuingia kwenye wastani. Binamu yangu, chuo kingine, jimbo jingine, alipata ngazi ile ile. Akasamehewa sharti, krediti sufuri. Ilimbidi azijaze kwa masomo mengine ya kuchagua, na akayalipia. ACE, baraza la elimu ya juu, hutoa pendekezo la krediti kwa mitihani hii, lakini neno la mwisho ni la chuo, na vyuo vingine vina kanuni ya kutompa krediti mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Tena huku kusini, chombo kinachotambua vyuo vyetu, SACSCOC, kinataka angalau robo ya krediti za shahada uzipate katika chuo chenyewe, kwa hiyo usipange kumaliza kwa mitihani pekee.

Mwandikie msajili barua pepe, si mshauri peke yake. Uliza wanapokea OPI ya Kiswahili, kwa ngazi ipi, krediti ngapi, na kama mtihani lazima uwe na msimamizi. Subiri jibu la maandishi, ndipo ulipie.

Kwa ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Bujumbura, mimi ningeanza kwingine. Ninyi sekondari mlisomeshwa kwa Kifaransa, kwa hiyo chuo chenye kanuni kama ya kwetu kinaweza kuwasamehe kwa vyeti vyenu tu. Mkitaka krediti, CLEP ya Kifaransa ipo: ACE inapendekeza krediti 6 kwa alama 50, na 9 kwa alama 59. Fanyeni hiyo kwanza.