Kitako cha mlingoti wa windisefu: kipi kinafaa kununuliwa kwanza

Raba ya kitako, ile inayounganisha mlingoti wa tanga na ubao wa windisefu, ilikatika nikiwa kama mita 400 kutoka ufukwe wa Diani, upepo wa Kusi umekaza na maji yanatoka. Sikusikia kishindo. Mlingoti ulilala majini na tanga likafuata. Kilichonirudisha pwani siku ile ni mkanda wa nailoni, upana wake haufiki vidole viwili, uliopita kando ya raba na kuendelea kuushika ubao pamoja na mlingoti. Tangu hapo, mtu akiniuliza aanze kununua nini, ubao au tanga, mimi humuuliza kwanza kitako chake kikoje.

Kitako ndicho kinachofungwa kwenye mfereji wa ubao na kuubeba mlingoti. Chini kina sahani na bolti, katikati kina kiungo kinachopinda, juu kina pini. Pini inaingia kwenye kirefusho, lile bomba linalochomekwa kwenye tundu la chini la mlingoti. Vitu vichache, lakini mchezo wote umekaa hapo. Mlingoti wa jahazi husimama imara na nahodha hugeuza chombo kwa usukani. Ubao wa tanga hauna usukani. Unaugeuza kwa kuinamisha mlingoti mbele au nyuma, na bila kiungo kinachopinda pande zote hilo haliwezekani. Ndiyo maana Jim Drake na Hoyle Schweitzer wa California, walipopata hataza yao Marekani mwaka 1970, kiini chake kilikuwa ni kiungo hicho.

Vitako nimevipanga kwa kufikiria anayecheza pwani yetu, kwenye chumvi, mchanga na jua kali, mahali ambapo spea haipatikani dukani bali huja na mgeni kwenye begi lake.

1. Kiungo cha raba kinachobadilishika, bolti moja, chenye mkanda wa usalama

Hiki ndicho chaguo langu kwa watu wengi. Raba yenyewe ni kipande cha poliyurithini, kimebanwa juu na chini kwa bolti au pini za chuma. Ikichoka unaitoa, unatia nyingine, na sahani na pini unaendelea nazo miaka mingi. Kwa bei za maduka ya Ulaya, kitako kizima ni kama yuro 50 hadi 100, na raba peke yake ni kama yuro 20. Nunua raba mbili siku hiyo hiyo. Ya pili iweke nyumbani kwenye giza, si kwenye buti la gari, kwa sababu jua na joto huiua hata kabla haijaguswa na maji.

Udhaifu wake ni kwamba ina umri. Wanaocheza mara kwa mara huibadilisha kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, iwe imeonyesha dalili au la. Kabla ya kuingia majini ipinde kwa nguvu kila upande na utazame kwa karibu pale inapokutana na chuma, maana nyufa huanzia hapo. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, usiseme utamalizia leo. Itoe.

Mkanda nao ukaguliwe. Uwe na ulegevu kidogo ili kiungo kipinde bila kuzuiwa, lakini usiwe mrefu kiasi cha kunasa vidole vya mguu. Kitako cha raba kisicho na mkanda, hata kikiuzwa nusu bei, kiache dukani. Raba ikikatika bila mkanda, ubao hubaki mwepesi juu ya maji na upepo huuchukua haraka kuliko unavyoweza kuogelea. Likikupata hilo, kimbilia ubao kwanza, tanga baadaye. Diani, au Paje mashariki ya Unguja, upepo wa Kusi walau unasukuma kuelekea nchi kavu, ingawa milango ya mwamba, yale mapengo kwenye miamba ya matumbawe, huvuta kwenda nje maji yakitoka, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Upande wa magharibi wa Unguja, Kusi hiyo hiyo inatoka nchi kavu kwenda baharini, na hapo ubao ukikuponyoka ni hatari kweli.

2. Kiungo cha chuma

Waliofanya kazi gereji watakitambua mara moja: kinafanana na krosi ya propela ya lori. Kinapinda kwa wepesi kuliko raba, tanga linalala kabisa juu ya maji, na hakizeeki kwa jua. Kwa shule ya windisefu yenye wanafunzi kutwa nzima, ningekiweka namba moja.

Kwa mtu binafsi nimekishusha kwa sababu ya mchanga. Punje zikiingia kwenye egemeo (beringi) zinakula chuma kimyakimya, na kiungo kinaanza kucheza. Kikamate kwa mikono miwili ukitikise: kikigonga, kimekwisha. Pia kina tabia ya kubana kidole kikilala ghafla, kwa hiyo ukifundisha watoto wakae mbali nacho wakati wa kuinua tanga.

3. Bogi

Hili ni raba nene iliyogandishwa moja kwa moja kwenye vyuma viwili kiwandani. Ni gumu, linasukuma mlingoti urudi wima, na wapo wanaolipenda kwa hisia hiyo. Tatizo langu nalo ni kwamba raba inaweza kuachana na chuma kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Siwezi kukiamini kitu nisichoweza kukikagua. Ukipewa, kitumie karibu na ufukwe.

4. Kitako cha mtumba

Wageni wanaoondoka huuza vifaa, na wengi wetu tumeanzia hapo. Nunua, lakini hesabu kwamba unanunua vyuma tu. Raba iliyomo itupe siku hiyo hiyo hata kama muuzaji anaapa aliitumia wiki moja. Tazama kama bolti inafunguka. Chuma cha pua kikikaa muda mrefu ndani ya alumini penye chumvi hushikana, na hapo utavunja spana bure. Tazama pia nati inayoingia kwenye mfereji, kama nyuzi zake hazijalika.

Bolti moja au mbili? Kwa mbao nyingi za sasa moja inatosha, na ni rahisi kusogeza kitako mbele au nyuma. Mbili zinashika zaidi, lakini kila kurekebisha unapiga magoti mchangani na bisibisi. Cha muhimu zaidi ni sahani iwe na raba laini chini yake, isikwaruze ubao.

Pini: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Kuna pini ya Kimarekani na pini ya Kiulaya, na hazioani. Kitako cha aina moja hakiingii kwenye kirefusho cha aina nyingine, hata ukigonga kwa nyundo. Kabla hujamtuma mtu aliye Ujerumani au Uingereza, piga picha pini yako na tundu la kirefusho chako, weka rula pembeni, mtumie. Na kama mnacheza watu kadhaa ufukwe mmoja, kubalianeni aina moja. Siku ya kuazimana mtashukuru.

Kirefusho

Kwanza unene. Milingoti myembamba ina tundu la milimita 32 hivi, minene milimita 48 hivi. Kirefusho cha mwembamba kinaweza kuvishwa adapta kiingie kwenye mnene; kinyume chake hakiwezekani. Kwa anayeanza, mlingoti mwembamba na kirefusho chake vinatosha.

Kisha urefu. Soma namba iliyoandikwa kwenye tanga, ule urefu wa upande wa mlingoti, utoe urefu wa mlingoti. Tanga la 430 kwenye mlingoti wa 400 linataka sentimita 30. Sasa usinunue kirefusho kinachoishia 30 kamili. Chukua cha 40 au zaidi, kwa sababu mwakani utapata tanga jingine na hutaki kuanza upya.

Kaboni ni nyepesi na ngumu, na bei yake hufika mara mbili ya alumini. Sioni sababu ya anayejifunza kuinunua. Alumini inatosha, mradi uisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uitoe ndani ya mlingoti kila ukimaliza. Ukiiacha humo wiki nzima na mchanga wake, utamwita jirani mvutane kama kamba ya michezo ya shule. Pesa iliyobaki itie kwenye roda nzuri: vile vigurudumu vitatu vya kuvutia tanga chini vizunguke kwa kidole, na kamba iwe ya milimita 4 isiyovutika. Roda mbovu ndiyo inayowafanya wageni wa mchezo wavute tanga nusu, kisha walalamike kuwa linawaelemea kila upepo unapopiga.

Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, anza na raba mpya na mkanda wake. Kirefusho cha kuazima kitakutoa ufukweni na kukurudisha. Raba ya kuazima, usiyojua ilikaa juani miaka mingapi, sitakushauri uvuke nayo mwamba.