Digrii yangu ya hisabati: imenilipa au imenila?

Naanza kwa kuipa nyota moja, tutaona mbele. Nilisoma hisabati tupu, miaka mitatu, si ile ya ualimu wala uhasibu. Msuli tulipiga. Kozi nyingine watu walidesa wiki moja kabla ya mtihani na wakatoka na B. Sisi ukiachwa na uthibitisho mmoja mwanzoni mwa muhula, sapu, yaani mtihani wa marudio, inakusubiri. Kuna waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, kuna waliohama. Hayo sina shida nayo. Shida yangu ilianzia mtaani.

Baada ya kuzungusha bahasha mpaka soli zikaisha, nikaitwa usaili kwenye kampuni moja ya mikopo hapa Dar. Mapokezi kulikuwa na rundo la vipeperushi, nikakisoma kimoja wakati nasubiri: kopa milioni 1, riba asilimia 5 tu kwa mwezi, rejesha 150,000 kila mwezi kwa miezi 10.

Ndani nikakuta watu watatu. Bosi wao, miwani kaipandisha kichwani, akafunua matokeo yangu ukurasa hadi ukurasa. "Hesabu tupu?" Ndiyo, mzee. "Haya, 17 mara 23." Nikadhani ananitania. Akaendelea kunikodolea macho. Nikajibu 391. Akatoa simu, akabofya, akawaonyesha wenzake kioo, kisha akaniambia: "Unaona? Hii nayo imepata, na haijawahi kuniomba mshahara." Wakacheka wote. Yule dada, afisa mikopo, alicheka mpaka akafuta machozi.

Nikachomoa kipeperushi. Nikamwambia mzee, samahani, hii riba si 5. Mteja akianza kurejesha, ile milioni inapungua mikononi mwake, lakini ninyi mnaendelea kumtoza kwa milioni nzima hadi mwezi wa kumi. Ukikokotoa kwa deni linalobaki, inapita asilimia 8 kwa mwezi. Kicheko kikakatika. Yule dada akauliza, bila utani kabisa, "8 imetokea wapi?" Yeye ndiye aliyekuwa akiwauzia watu! Bosi akafunga faili. "Asante kijana, tutakupigia."

Mpaka leo hawajapiga. Wauza mikopo hawajui bei ya mkopo wao, na asiyefaa kazi ni mimi.

Basi nikasema nikafundishe. Kila Baraza la Mitihani, NECTA, wakitoa matokeo ya kidato cha nne, hesabu inaburuta mkia, nani atamkataa mwalimu wa hesabu? Kumbe ajira za ualimu serikalini zinataka digrii yenye elimu ndani yake, au juu ya digrii yako uongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Mwaka mwingine mzima, ada nyingine, kutoka mfukoni. Wenzangu waliochukua hisabati na elimu, tuliokaa nao ukumbi mmoja tukafanya mtihani uleule wa kalkulasi, wakaomba moja kwa moja. Hili hakuna aliyeniambia wakati najaza fomu, na ndilo linaloniuma kuliko hata yule mzee na simu yake.

Deni la mkopo wa chuo nalo lipo palepale. Sheria ilibadilishwa 2016, makato ya Bodi ya Mikopo yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Kibarua changu cha kwanza chenye hati ya mshahara, kwenye shule binafsi, msingi ulikuwa 600,000. Hapo 90,000 inaondoka kabla sijaigusa. Afadhali 2021 ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa, maana ilikuwa unalipa huku deni linanenepa.

Kwa hiyo nyota moja? Ngoja kwanza. Jioni na Jumamosi napiga twisheni, 15,000 kwa saa, na kuna miezi twisheni inaupita mshahara. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza cheti. Anachotaka ni mtoto atoke kwenye F.

Halafu kuna mama mmoja, anauza vitenge Kariakoo, namfundisha mwanawe. Aliniletea karatasi mbili za mkopo, milioni 1 kwa miezi 10: moja asilimia 5 ya namna ileile ya kipeperushi, nyingine asilimia 7 lakini inayohesabiwa kwa deni linalobaki. Yeye alishaamua 5. Nikamchorea jedwali nyuma ya daftari la mtoto, mwezi kwa mwezi. Ile ya 7 ikaja kama 142,400 kwa mwezi, ile ya 5 ni 150,000. Akaniangalia, akalirudia jedwali kwa kidole, akasema, "Mwalimu, hawa wangenila zaidi ya 70,000 hivihivi?" Ndiyo, mama. Akachukua ya 7. Wiki iliyofuata nikaletewa kitenge, na foleni ya mashoga zake wenye karatasi zao.

Kwa hao huwa sichaji, sijui kwa nini. Labda nianze.

Nyota tatu basi. Zingekuwa nne kama ningechukua ile yenye elimu, kwa hiyo wewe wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) unayesubiri dirisha la udahili, hilo ulizia kabla hujalipa hata ada ya maombi. Na tarehe za mshahara usiniulize, siku hizo nyota zinarudi kuwa mbili.