"Seven Psalms" ya Paul Simon: dakika 33 zisizotaka haraka

Anayeifungua albamu hii kwenye simu kwa mara ya kwanza hudhani programu imekosea. Sehemu saba zimetajwa, lakini kwenye orodha kuna wimbo mmoja tu wa dakika 33. Hakuna kilichokosewa. Paul Simon, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, aliitaka hivyo: nyimbo saba zilizoshonwa kuwa moja, bila mahali pa kuruka. Wasikilizaji wengi huanza na lalamiko hilo, na afadhali mtu alijue kabla hajatumia bando lake.

Albamu ilitoka tarehe 19 Mei 2023, mwenyewe akiwa na miaka 81. Mwaka 2018 alikuwa ameshaaga ziara, akafunga kwa onyesho la Queens, New York, alikokulia. Kisha, kwa maelezo yake, usiku wa tarehe 15 Januari 2019 akaota anaambiwa kwamba anatengeneza kazi iitwayo "Seven Psalms". Baada ya hapo maneno yakawa yanamjia kati ya saa 9:30 usiku na saa 11 alfajiri, siku mbili tatu kwa wiki. Kazi ikiwa inaendelea, sikio lake la kushoto likapoteza sehemu kubwa ya usikivu. Haya yanafaa kujulikana kwa sababu yanaeleza sauti yenyewe: huu ni muziki wa mtu aliye macho wakati nyumba nzima imelala, na hakuna hata sehemu moja ambapo anapaza sauti.

Kwa aliyemjua Simon kupitia albamu ya "Graceland" ya 1986, yenye wanamuziki wa Afrika Kusini, gitaa la Ray Phiri, besi ya Bakithi Kumalo na sauti za kwaya ya Ladysmith Black Mambazo, mshtuko ni mkubwa. Hapa hakuna mdundo wa kuinua mtu kitini. Sikio lililozoea dansi, ambako solo, ridhimu na besi hujibizana na tumba nyuma yao, litatafuta vyombo hivyo na kukuta gitaa moja la akustika linafanya kazi ya vyote. Kidole gumba kinashika nyuzi nene na kutembea kama besi. Vidole vingine vinadonoa nyuzi nyembamba na kumjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi. Vinavyoongezwa ni kidogo kidogo: kengele, filimbi, bakuli za kioo zilizobuniwa na Harry Partch, Mmarekani aliyeunda ala zake mwenyewe ili apige noti zilizo katikati ya noti za piano. Waimbaji wa VOCES8 kutoka Uingereza wanaingia kama ukungu, halafu wanatoka.

Kuna wanaosema huu ni uchovu wa mzee. Hapana. Kupiga gitaa polepole hivi, bila ngoma ya kujificha nyuma yake, ni kazi ngumu kuliko kupiga kwa kasi; kila noti iliyochelewa inasikika. Sikiliza jinsi gitaa linavyobadili mwendo katikati ya ubeti ili neno moja lipate nafasi, kisha linarudi kwenye mwendo wake kana kwamba halikutoka. Mkono uliochoka haupigi hivyo.

Sauti imepungua, hilo halifichiki. Juu imekuwa nyembamba, na mara nyingi anakaribia kuzungumza. Lakini amerekodi karibu sana na maikrofoni, hivyo upungufu huo umekuwa ukaribu: pumzi inasikika, midomo inasikika. Mwenye kutaka Simon wa miaka ya 1970 atahuzunika kwa dakika tano za mwanzo. Akivumilia, atazoea.

Sasa jina. Wapo waliotafuta zaburi, wakaikuta hii na kutegemea albamu ya injili. Siyo. Sehemu ya kwanza, "The Lord", inamtaja Bwana kuwa chakula cha maskini na mlango wazi kwa mgeni, halafu kwa sauti ile ile ya upole inamtaja kuwa virusi vya korona na bahari inayopanda. Wengine wamekwazika hapo. Ni haki yao, ila wazifungue Zaburi zenyewe: ya 23 ina mchungaji na majani mabichi, lakini ya 22 inaanza na kilio cha aliyeachwa, na ya 88 inaishia gizani kabisa. Simon, aliyelelewa katika familia ya Kiyahudi, anaifuata mila hiyo ya kumsifu na kumlalamikia Mungu kwa kinywa kimoja. Kiitikio cha "The Lord" kinarudi tena mbele ya safari, na kila kinaporudi kinabeba uzito wa yaliyoimbwa katikati. Atakayesikiliza vipande vilivyokatwa hatalipata hilo, na hapa ndipo ule uamuzi wa wimbo mmoja unapojitetea.

"Love Is Like a Braid" ni nzuri mno, na ni fupi kuliko inavyostahili. "My Professional Opinion" ina mwendo wa bluzi, na wasikilizaji wamegawanyika juu yake: kuna wanaoona imepotea njia, kuna wanaoishukuru. Ni pumziko la lazima. Bila hiyo nusu ya kwanza ingekuwa nzito kupita kiasi. Panapolegea ni baada yake, katika "Your Forgiveness", ambapo ala zinaongezeka lakini tuni haiendi popote kwa muda. Anayesinzia husinzia hapo.

Kuanzia "Trail of Volcanoes" albamu inasimama tena. Mzee anazikumbuka njia alizopita na gitaa lake ujanani, na kuziona leo zimejaa wakimbizi. Haihitaji maelezo kwa msikilizaji wa Kigoma au Kakuma. Katika "The Sacred Harp" Edie Brickell, mkewe na mwimbaji anayejulikana kwa kazi zake mwenyewe, anaingia katika kisa cha wasafiri wawili waliopewa lifti njiani. Kisha "Wait": mzee anaomba asubiriwe, bado hajafunga mizigo, na sauti ya Edie inamjibu taratibu kwamba huko aendako kunafanana na nyumbani. Kwa dakika hizo chache peke yake, albamu inastahili kutafutwa.

Lalamiko kwamba hakuna wimbo unaobaki kichwani ni kweli kwa usikilizaji wa kwanza na wa pili. Tuni zimefichwa ndani ya gitaa, hazimo kwenye koo. Mara ya tatu ndipo mtu anaanza kuzitambua zinaporudi. Asiye na subira ya mara tatu asiinunue.

Lalamiko la pili, kwamba muziki hauna mwili, mara nyingi ni kosa la chombo. Uzi mnene wa gitaa la kawaida unapiga hezi 82 hivi, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Spika ya simu hudhoofika sana chini ya hezi 300. Maana yake kile kidole gumba kinachobeba kila kitu kinafifia, zinabaki nyuzi nyembamba zinazolia kama mbu. Tumia hedifoni za masikio yote mawili, hata za bei ya chini, au spika mbili zilizowekwa usawa wa masikio. Zima kiongeza besi: kinafanya kila pigo la gumba lingurume na kufunika maneno. Ndani ya daladala au matatu usijaribu, kwa sababu sehemu za kimya ni nyingi na injini itazimeza, nawe utapandisha sauti mpaka gitaa likuumize.

Kwa bando: kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika 33 ni takriban MB 79, kwa kilobiti 96 ni kama MB 24. Katika muziki wa gitaa na kwaya tofauti hiyo inasikika, hasa kwenye mvumo wa kengele unaogeuka kuwa mkwaruzo. Ni heri kupakua mara moja kwa ubora wa juu ukiwa kwenye Wi-Fi. Mtandao ukikatika katikati, unaweza kulazimika kuanza upya au kutafuta ulipofikia kwa kidole kwenye mstari mwembamba. Usiiweke pia kwenye orodha inayochanganya nyimbo. Itaibuka katikati ya sherehe na kukaa nusu saa. Mwenye santuri atageuza upande mara moja, na ukatiko huo ni hasara ndogo.

Na kabla ya kubonyeza, zima kitufe cha kuendelea na nyimbo nyingine. Kazi yote inaishia kwenye Amina moja ya sauti mbili, kisha kimya. Usipoizima, programu itakupigia wimbo mwingine juu ya kimya hicho kabla hujavuta pumzi.