D'Arsonval na Abrams: tiba mbili za masafa ya umeme

Miaka ya 1890, Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba mkondo wa umeme unaobadili mwelekeo zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde haushtui misuli. Unaupasha mwili joto tu. Yeyote mwenye mitambo ya kutoa mkondo huo aliweza kurudia jaribio hilo na kujionea. Hapo ndipo ilipotokea diathemia, yaani tiba ya kuupasha mwili joto kwa umeme, kisha kisu cha umeme cha William Bovie, ambacho daktari wa upasuaji Harvey Cushing alikitumia kuondoa uvimbe kichwani huko Boston mwaka 1926. Hadi leo kisu cha aina hiyo kinazuia damu katika vyumba vya upasuaji.

Daktari Albert Abrams wa San Francisco naye alidai kila ugonjwa una mtetemo wake, na tone la damu kavu karatasini linatosha kuutambua. Masanduku yake ya tiba, yaliyodaiwa kuponya kwa mitetemo, yalikodishwa yakiwa yamefungwa. Aliyekodi sanduku aliahidi kutolifungua. Damu ya kuku ilipopimwa kwa njia yake, majibu yalitaja magonjwa ya binadamu! Mwaka 1924 jarida la sayansi la Scientific American lilihitimisha kwamba tiba hiyo haina thamani.

Kwangu mimi, ahadi ile ya kutofungua inatosha kuwatenganisha. Nawaonea uchungu wagonjwa walioliamini sanduku lile huku maradhi yakiendelea kuwala.