Nilipima damu maabara moja ya Sinza, nawapa nyota tatu

Nilianza na barafu. Natafuna barafu ofisini mpaka wenzangu wanakereka. Ikaja zamu ya udongo, ule wanaokula wajawazito. Shangazi alipouona kwenye pochi akauliza kama aanze kununua khanga za mtoto. Hakuna mimba. Ila ngazi za ofisini Posta zilikuwa zinanimaliza, nikifika juu moyo unadunda kama nimekimbizwa. Jirani yangu muuguzi akasema, "Dada, acha kujinunulia dawa za kuongeza damu, kapime FBP kwanza, kile kipimo cha picha kamili ya damu."

Nikaenda maabara binafsi pale Sinza. Nililipa 20,000, foleni fupi, pasafi. Kijana alipata mshipa mara moja, hata sikukunja uso. Akajaza kichupa chenye kizibo cha zambarau, akakiweka kwenye trei, akageukia simu yake. Hicho kitendo kikumbukeni.

Majibu yalitoka ndani ya saa moja. Wingi wa damu (hemoglobini) 8.1, wakati mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tayari ana upungufu. Ukubwa wa chembe nyekundu, MCV, 66. Kawaida ni 80 hadi 100. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 41, wakati kiwango cha chini ni 150 (zinahesabiwa kwa maelfu). Kuuliza maana yake, naambiwa "mpelekee daktari". Nikajifanya daktari mwenyewe kwenye daladala, nikagugo. Kufika Ubungo nilishajizika kwa saratani ya damu.

Daktari akaniuliza kama natoka damu kwenye fizi, kama nina michubuko isiyo na sababu. Sina. Akasema hiyo 41 haifanani na mimi, nirudi wachukue damu upya na waiangalie kwa darubini.

Mapokezi wakataka 20,000 nyingine. Tukabishana, wakaachia. Safari hii alinitoa damu mama mmoja mtu mzima. Alipojaza tu kichupa akaanza kukipindua taratibu, juu chini, kama mara nane au kumi hivi. Akanieleza kuwa mle ndani mna dawa ya kuzuia damu isigande, na isipochanganyika vizuri damu inaganda vijibonge vidogo. Chembe sahani zinanasa humo na mashine haizihesabu. Mara ya pili zikasoma 438! Daktari akasema ukipungukiwa madini ya chuma zinaweza hata kupanda.

Damu yenyewe ilibaki 8.2, hiyo haikuwa kosa la mtu. Darubini ilionyesha chembe ndogo zilizopauka. Kwa kuwa chembe ndogo zinaweza pia kuwa dalili ya talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, nikapimwa feritini, akiba ya chuma mwilini. Ilikuwa karibu imeisha. Hedhi yangu ni nzito miaka yote, na mimi chakula bila chai ya rangi hakipandi. Kumbe chai inazuia chuma kufyonzwa.

Natumia vidonge vya chuma. Choo kimekuwa cheusi, msishtuke, ni kawaida yake. Hamu ya barafu, kumbe nayo ilitokana na upungufu wa chuma, iliondoka ndani ya wiki mbili, kabla hata damu haijapanda.

Nyota moja nimekata kwa kile kichupa, nyingine kwa kunipa karatasi bila neno. Ukienda, nenda asubuhi, mama yule yupo mpaka saa sita.