Honda CG125 ya 1978 hapa Malindi: inunue, lakini usiipake rangi

Asalaam aleikum jamaa zangu, na hamjambo nyote mnaotazama. Tuko Malindi, mtaa wa Barani, na pikipiki iliyo mbele yangu ni Honda CG125 ya mwaka 1978. Inauzwa. Mzee anayeiuza ndiye aliyeinunua ikiwa mpya, na ameniruhusu niifungue, niipige kiki na kuizungusha mtaani. Hebu tusogeze kamera hapo kwenye tangi.

Mwaona wekundu ulivyopauka juu na ulivyokoza hapa chini, kiti kinapoziba jua? Hiyo ni rangi ya kiwandani. Stika ya Honda bado iko, imechanika ncha tu. Kila anayepita hapa anamwambia mzee, "Ipige rangi hii, itapata bei." Mimi nimekuja kusema kinyume chake. Rangi mpya unaweza kuipaka mwakani, hata miaka kumi ijayo. Ya kiwandani ukishaikwangua, imekwenda. Anayetafuta pikipiki ya zamani iliyo halisi analipia kile ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha, na rangi hii ni sehemu yake kubwa.

Kwa nini CG125? Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwa na watu wa nchi kama zetu akilini: mtu anayebeba gunia na abiria, anayepita vumbini, na asiyebadilisha oili mpaka iwe nyeusi kama lami. Injini nyingine za Honda za ukubwa huo zilikuwa na kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, juu kwenye kichwa cha silinda, na kamshafti ya juu haivumilii oili chafu. Kwenye CG wakaiteremsha chini, vali zikasukumwa kwa vijiti virefu. Ni ufundi wa kizamani, waliuchagua makusudi, na ulifaulu kiasi kwamba viwanda vya China viliinakili injini hii mara nyingi kupita kiasi. Pakistan wameendelea kuiunda CG yenyewe kwa miaka mingi. Kwa hivyo kijana wangu wa boda unayesimama Barabara ya Lamu, kama pikipiki yako ni ya Kichina ya 125 yenye vijiti, umempanda mjukuu wa huyu.

Sasa tukague, na tuanze na nambari kabla ya kuwasha injini, maana injini ikishanguruma vizuri moyo hulainika na mtu husahau kuuliza.

Nambari ya fremu imegongwa hapa kwenye shingo ya usukani. Ya injini iko kwenye kasha la injini, upande wa chini. Panguseni kwa kitambaa na petroli kidogo, sio kwa msasa. Hizi zimesimama sawasawa, chuma pembeni hakijaguswa na grainda, na zote zaanza na CG125. Tarakimu zinazofuata hazilingani, na hilo lisikutishe: Honda hawakuwa wakizilinganisha za fremu na za injini. Kinachotakiwa kulingana ni nambari hizi na logibuku. Nimezisoma zote mbili kando ya kitabu cha mzee, ziko sawa. Tena itazameni pleti: herufi tatu, tarakimu tatu, haina herufi ya mwisho. Hiyo ni pleti ya kabla ya mfululizo wa KAA ulioanza 1989. Ukiona pikipiki ya miaka ya sabini ina pleti ya KM, ile ya pikipiki za siku hizi yenye herufi ya mwisho, uliza imeandikishwa upya lini na kwa nini.

Karatasi nazisisitiza kwa sababu huku pwani pikipiki nyingi za zamani ni za marehemu. Zimelala uani, watoto wanataka kuuza, na mmoja wao anakuita ukiwa na pesa mkononi. Usilipe. Kubadilisha jina hufanyika kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na anayehamisha lazima awe yule aliyeandikwa au msimamizi wa mirathi mwenye hati. Kwa Waislamu shauri hilo huenda kwa Kadhi, na Mahakama ya Kadhi iko hapahapa Malindi. Wasubiri wamalize. Pikipiki usiyoweza kuiandikisha kwa jina lako umeinunulia wasiwasi, na warithi waliobaki wana haki yao.

Tuje kwenye vitu vidogo vinavyoonyesha kama pikipiki ni halisi, ambavyo mimi ndivyo huvipenda zaidi. Kabureta ni Keihin, jina limeandikwa ubavuni. Lenzi ya taa ya nyuma ina chapa ya Stanley. Eksozi, inama uone, imegongwa herufi HM. Ile ya kubandika ya dukani haina. Halafu skrubu za kava la injini. Vichwa vyake bado vina makali, na hilo lanionyesha kwamba fundi aliyekuwa akiifungua alijua kazi. Skrubu hizi ni za kipimo cha Kijapani, JIS, sio za nyota za kawaida. Ukiziingizia bisibisi ya nyota ya duka la vifaa, inateleza, inakula kichwa, kisha anakuja mtu na patasi. Nunueni bisibisi ya JIS hata kabla ya kununua pikipiki.

Kasoro ipo. Hii CG ilitoka na kava la cheni lililozunguka cheni yote, vipande viwili, cha juu na cha chini. Mchanga wetu hauingii, cheni inaishi. Cha juu kiko, cha chini hakipo. Mzee anasema kilitolewa wakati wa kuziba pancha na hakikurudi. Kiti nacho kimeshonwa ngozi mpya, lakini fremu ya chuma ndani ni yake.

Nikaipiga kiki. Mara ya tatu ikawaka, na ikitulia unasikia vali zikigonga polepole. Mlio huo ni wa kawaida kwa injini ya vijiti; nafasi ya vali ni milimita 0.08, hupimwa injini ikiwa baridi. Cheche zake hutoka kwa pointi za kizamani, na umeme wake ni wa volti 6, kwa hiyo taa yake ni hafifu. Niliendesha mpaka karibu na uwanja wa ndege na kurudi. Gia zinaingia laini, nguvu ni kama za farasi 11, inavuta bila pupa. Breki ya mbele ni ya ngoma na inataka umakini, hasa matuktuk yanapokukatia. Kwa safari ya Mombasa usiku sikushauri kabisa. Kwa asubuhi ya Jumapili kwenda Mambrui, raha tupu.

Adui wa pikipiki hii ni chumvi. Barani tuko mbali kidogo na ufuo, na nadhani ndiyo salama yake. Ingekaa Shela au Casuarina miaka hii yote, kusi ikivuma kuanzia Aprili mpaka Septemba na kuleta unyevu wa bahari mpaka kwenye makabati ya nguo, rimu zingekuwa zimeoza. Kwa hiyo ukiinunua: ioshe kwa maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho mto Sabaki, au ya mvua. Maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi yake, unaosha chumvi kwa chumvi. Ikaushe kabisa, kisha paka nta kwenye rangi na oili nyepesi kwenye spoki na nati. Kutu ndogo kwenye kromu isugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Ni laini kuliko kromu, haikwaruzi. Stiliwulu iache jikoni.

Kuifunika, tumia shuka au leso kuukuu za pamba. Turubai la plastiki linafungia jasho ndani na kutu inaota kimyakimya. Ikikaa wiki nyingi bila kuendeshwa, jaza tangi pomoni ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, funga koki na umwage petroli iliyobaki kwenye kabureta, maana ikikauka huacha gundi inayoziba jeti, vile vitundu vidogo vya kupitisha petroli. Tangi likiwa na kutu ndani, siki hulisafisha taratibu, lakini funika rangi ya nje vizuri kwanza, kisha suuza na ukaushe siku hiyohiyo.

Spea? Hapa ndipo CG inapozishinda zote. Sahani za klachi, kebo, gasketi na ringi za hizo nakala za Kichina mara nyingi zinaingia, na zinapatikana kila duka la boda mjini. Tumieni kwa vitu vinavyoisha. Kila kipande cha zamani ukikitoa, kifunge, kiandike kimetoka wapi, ukiweke. Na jamani, msikubali fundi akitoa injini hii nzima na kupachika ya Kichina kwa sababu ni rahisi na mashimo yanalingana. Hapo mmebaki na fremu.

Bei anayotaka mzee iko juu ya boda ya mtumba na chini ya boda mpya. Kwa fremu hii, injini hii na karatasi hizi, ni ya haki, na sitamwombea mtu apunguziwe zaidi ya thamani ya kile kipande cha kava la cheni. Kama unataka ya kufanyia biashara, pita, nunua mpya. Kama utaitunza ilivyo, njoo mchana uione kwenye mwanga.

Na mwenye nusu ya chini ya kava la cheni la CG ya zamani, ya chuma, hata ikiwa imebonyea, awe Gede, Mambrui au Mombasa, anijulishe. Mnunuzi yeyote wa hii ataihitaji.