Kupanda Kahuzi au kupiga kafi Kivu?

Vijana wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huniuliza ni kipi kinachomjenga mtu zaidi, Mlima Kahuzi au Ziwa Kivu. Nimejaribu vyote viwili.

Kahuzi una mita 3,308. Unapita kwenye mianzi minene, tope linafika vifundoni, na kiongozi wa hifadhi anakata matawi mbele yako kwa panga. Juu, pumzi inakuwa fupi. Mlima unafundisha uvumilivu, sikatai. Ila njia anaijua kiongozi. Wewe unafuata visigino vyake. Tena unahitaji ruhusa, pesa na barabara yenye usalama, na huo usalama si wa kila siku.

Ziwa liko hapa chini tu. Siku ya kwanza nilipokodi mtumbwi, ulizunguka kama pia kwa sababu nilivuta upande mmoja kwa hasira. Mzee mmoja mvuvi akaniita kutoka mtumbwi wake: “Mwanangu, usigombane na maji. Chovya, vuta, pumzika.” Nilirudia maneno hayo kimoyomoyo hadi ncha ya mtumbwi ikanyooka. Hakuna aliyenishikia kafi. Kosa lilikuwa langu, na kulirekebisha pia kulikuwa kwangu.

Kwa anayeanza, nachagua ziwa bila kusita. Kivu haina mamba, lakini kina chake kinapita mita 400, kwa hiyo boya la kuvaa ni lazima hata kama unajua kuogelea. Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka.